Nyumba za Enzi ya Nyangumi Mjini New Bedford: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa Waswahili wanaoishi Marekani, hasa wale wa Lowell, Worcester, Lewiston na miji ya jirani, na pia kwa wageni wanaopitia Boston wakiwa na siku moja au mbili za kutembea. Maswali yenyewe ni yale ambayo watu wetu huuliza kabla ya kwenda New Bedford, na mengine huulizwa mtu akiwa njiani kurudi, maana ndipo huwa ameanza kufikiri.

New Bedford ni wapi, na kwa nini watu waende huko?

Ni mji wa bandari kusini mwa jimbo la Massachusetts, mwendo wa kilomita 95 hivi kutoka Boston. Katikati ya karne ya 19 ulikuwa kitovu cha uwindaji wa nyangumi duniani. Mwaka 1857, ulipofika kileleni, meli 329 za nyangumi zilikuwa za bandari hiyo, na watu wapatao 10,000 walifanya kazi ndani yake. Fedha iliyotoka baharini ilipanda mlimani ikawa majumba, na mengi ya majumba hayo yangali yamesimama. Uwindaji umekwisha zamani, lakini mji bado unaishi kwa bahari: leo ni bandari kubwa ya uvuvi, na harufu ya samaki utaikuta gatini.

Mafuta ya nyangumi yalitumika kwa nini hata yakaleta utajiri mkubwa namna hiyo?

Kwa mwanga, kwanza kabisa. Kabla ya mafuta ya taa na umeme, taa za nyumbani, za barabarani na za minara ya bahari ziliwaka kwa mafuta hayo. Viwanda vya nguo vilivyokuwa vikiongezeka kila mwaka vilihitaji kitu chepesi cha kulainishia mashine, na mafuta ya nyangumi yalifaa sana.

Nyangumi hawakuwa na thamani moja. Aliyetafutwa kuliko wote ni nyangumi wa ambari, yule mwenye kichwa kikubwa kama sanduku. Ndani ya kichwa chake mna mafuta meupe ambayo yakipoa huganda kama nta. Hayo ndiyo yaliyotengenezwa mishumaa ya bei ya juu, isiyotoa moshi wala harufu mbaya. Nyangumi wengine walitoa mafuta meusi zaidi, ya bei ya chini, pamoja na zile mbale ngumu zinazoning'inia kinywani, ambazo zilikatwa vipande vya kushonea mavazi ya wanawake ya kubana kiuno, na za miavuli na viboko.

Kazi yote ilifanywa humo humo melini. Mabaharia walishuka kwa mashua, wakamchoma nyangumi kwa chusa, wakamvuta hadi ubavuni mwa meli, wakachuna tabaka la mafuta chini ya ngozi na kuliyeyusha katika masufuria makubwa yaliyojengewa tanuri la matofali sitahani. Safari moja ilichukua miaka mitatu au minne. Ukiwa sebuleni mwa tajiri unatazama dari iliyonakshiwa, tafadhali likumbuke lile tanuri. Wanaotembeza wageni wengine hukaa sana kwenye samani na kulipita tanuri haraka haraka, nami naona hapo wanamnyima mgeni nusu ya habari.

Nianzie wapi?

Anzia chini, karibu na maji, kisha upande. Kituo cha wageni cha New Bedford Whaling National Historical Park kiko 33 William Street na hakitozi kiingilio. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1996 na inachukua mitaa 13 ya mji mkongwe. Chukua ramani hapo, uliza nyumba zipi ziko wazi siku hiyo, kisha tembea kwa miguu. Barabara ni za mawe, kwa hiyo viatu vya kisigino viache nyumbani.

Hatua chache kutoka hapo ni kilima kiitwacho Johnny Cake Hill. Kuna kanisa la mabaharia, Seamen's Bethel, lililofunguliwa 1832. Kutani mna vibao vya marumaru vyenye majina ya watu waliofia baharini: huyu aliburutwa na kamba ya chusa, yule alianguka kutoka mlingotini. Jirani yake ni Mariners' Home, nyumba ambayo hapo kwanza ilikuwa makazi ya tajiri William Rotch Jr. na ilikuwa mahali pengine. Binti yake aliitoa mwaka 1851 iwe nyumba ya kufikia mabaharia, ikahamishiwa hapo kilimani.

Ng'ambo ya barabara ndiyo makumbusho makubwa, New Bedford Whaling Museum.

Nyumba ipi ya tajiri inafaa kutembelewa kama nina nafasi ya moja tu?

Rotch-Jones-Duff House, 396 County Street. William Rotch Jr. aliijenga mwaka 1834 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Babu yake, Joseph Rotch, alihama kisiwa cha Nantucket mwaka 1765 akaja kuanzisha biashara hii New Bedford. Familia hiyo hiyo ndiyo iliyomiliki meli Dartmouth, mojawapo ya meli tatu ambazo chai yake ilimwagwa baharini Boston mwaka 1773. Mchora ramani za nyumba, Richard Upjohn, alikuwa bado kijana. Baadaye alijenga kanisa maarufu la Trinity jijini New York na kuwa rais wa kwanza wa chama cha wasanifu majengo wa Marekani.

Uzuri wa nyumba hii ni kwamba imeshika enzi tatu. Mwaka 1851 ilinunuliwa na Edward Coffin Jones, mfanyabiashara mwingine wa nyangumi, na binti yake Amelia akaishi humo hadi alipofariki mwaka 1935. Kisha ikaja familia ya Duff. Mwaka 1981 chama cha kuhifadhi majengo ya kale ya mji kiliichukua ili isiharibiwe, ikawa makumbusho. Kwa hiyo unapotoka chumba hadi chumba unaona ladha ya watu wa nyakati mbalimbali badala ya chumba kimoja kilichogandishwa mwaka mmoja.

Bustani inajaza kiwanja kizima cha mtaa, na mawaridi yake ni mazuri mno mwezi Juni. Ipe muda. Kisha simama nje na utazame upande wa bandari: mtaa wa County Street uko juu ya mgongo wa kilima, na matajiri walijipanga huko ili wawe mbali na uvundo wa mapipa lakini wasiwe mbali na habari za meli.

Nimesikia Frederick Douglass, yule mpinga utumwa maarufu wa Marekani, aliishi New Bedford. Nyumba yake ipo?

Ipo, na kwa maoni yangu hii ndiyo nyumba ambayo Mwafrika hapaswi kuondoka bila kuiona. Ni nyumba ya Nathan na Polly Johnson, 21 Seventh Street, dakika chache kwa miguu kutoka kwenye majumba ya matajiri.

Nathan na Polly walikuwa mtu na mkewe, weusi, huru, wenye biashara ya mapishi ya karamu na vitu vitamu. Septemba 1838 walibisha hodi vijana wawili: Frederick, aliyekuwa ametoroka utumwani Maryland siku chache tu kabla, na mkewe mpya Anna Murray. Hawakuwa hata na nauli ya gari la farasi lililowaleta kutoka Newport, na dereva alikuwa ameshika mizigo yao. Nathan Johnson akatoa dola mbili, mizigo ikakombolewa. Ndani ya nyumba hiyo ndimo kijana huyo alipochagua jina jipya. Alikuwa akijiita Johnson, lakini akina Johnson walikuwa wamejaa mjini, na mwenyeji wake, aliyekuwa anasoma shairi moja la Uskoti, akampendekezea Douglass kutoka humo.

Douglass mwenyewe aliandika baadaye kwamba Nathan Johnson aliishi katika nyumba nadhifu zaidi, akala mezani vizuri zaidi na kusoma magazeti mengi zaidi kuliko wenye watumwa wengi wa kule alikotoka. Alikuwa ameaminishwa kwamba pasipo watumwa hapawezi kuwa na utajiri, naye akakuta mji tajiri usio na mtumwa hata mmoja.

Lakini sikiliza pia upande wa pili. Douglass alikuwa fundi wa kukalafati meli, ufundi aliojifunza Baltimore. Bandari iliyojaa meli ilimhitaji, lakini mafundi weupe walikataa kufanya kazi pamoja naye. Basi siku ya tatu baada ya kufika akaanza kupakia mafuta kwenye jahazi, kisha akapasua kuni, akabeba makaa, akafanya kazi kiwandani mwa mishumaa. Alikaa New Bedford hadi 1841.

Nyumba iko chini ya New Bedford Historical Society, na kuingia ndani kwa kawaida hupangwa mapema, kwa hiyo wasiliana nao kabla hujasafiri. Hata ukikuta imefungwa, ng'ambo kuna bustani ndogo, Abolition Row Park, yenye sanamu ya Douglass akiwa kijana.

Je, watu weusi walikuwa vibarua tu katika biashara hii?

Hapana. Meli za nyangumi zilichukua yeyote aliyekuwa tayari kwenda: weusi waliozaliwa huru, waliotoroka utumwa, Wahindi Wekundu wa pwani hiyo, watu wa visiwa vya Pasifiki, na wengi sana kutoka Azores na Cape Verde. Wajukuu wa watu wa Cape Verde bado ni sehemu kubwa ya mji, na Kireno utakisikia madukani.

Lewis Temple, mhunzi mweusi aliyezaliwa Richmond, Virginia, alitengeneza mwaka 1848 chusa chenye kichwa kinachogeuka kikishaingia nyamani ili kisichomoke. Kilienea kwenye meli zote na kuwatajirisha wengi. Yeye hakukisajili kama uvumbuzi wake, na alifariki mwaka 1854 bila kuonja utajiri huo. Sanamu yake iko mbele ya maktaba ya umma.

Wako pia waliofika unahodha. Mwaka 1822 Absalom Boston wa Nantucket aliondoka na meli Industry, yenye mabaharia weusi watupu.

Hao matajiri walikuwa Wakweka. Ndio hao hao Marafiki wa Kaimosi?

Dini ni hiyo hiyo: Wakweka ni dhehebu la Kikristo ambalo wenyewe hujiita Marafiki. Marafiki walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902 kutoka Marekani, na leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Wageni kutoka Vihiga wakifika New Bedford hushangaa kuona jinsi jumuiya ile ile ilivyokuwa na mikono mingi: ikihubiri maisha ya kiasi, ikipinga utumwa, na wakati huo huo ikihesabu mapipa. Nyumba ya Rotch ina nguzo za Kigiriki, bustani kubwa na vyumba vya kutosha ukoo mzima. Kiasi chenyewe kilikuwa kimepanuka.

Ni kweli kwamba wengi wao waliwasaidia waliotoroka utumwa, tena kwa hatari. Ni kweli pia kwamba si kila mwenye meli alikuwa hivyo. Mwaka 1862 mahakama ya Boston ilimtia hatiani mtu aliyeiandaa meli ya nyangumi iliyokuwa New Bedford kwenda kubeba watumwa. Habari zote mbili ni za bandari hii.

Baharia wa kawaida alilipwa nini?

Alilipwa fungu. Msomaji wa pwani ataelewa upesi, kwa sababu hata kwetu samaki wakiuzwa chombo kina fungu lake, nahodha lake na mvuvi lake. Tofauti ni ukubwa wa pengo. Nahodha aliweza kupata fungu moja katika kumi na mawili au kumi na manane ya thamani ya mzigo. Mgeni wa bahari alipata moja katika 175, na wengine moja katika 200. Kabla ya kulipwa alikatwa bei ya nguo na tumbako alizokopa melini. Kuna waliorudi baada ya miaka mitatu wakiwa na deni.

Kwa hiyo ukiwa County Street usiulize tu nyumba iligharimu kiasi gani. Uliza mtembezi akuoneshe alikolala mtumishi wa nyumba, na alikolala baharia. Wengi wao hufurahi kuulizwa.

Yale majukwaa juu ya paa ni ya wake kuwangojea waume zao?

Hadithi hiyo inapendwa mno, lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa ya kawaida zaidi: kupanda kufikia bomba la moshi likishika moto, na kutazama bandari kwa shughuli za biashara. Nyumba zilikuwa za mbao, moto ulikuwa hatari kubwa. Huzuni ya wake ilikuwa ya kweli hata bila jukwaa. Wengine walikataa kungoja wakapanda meli pamoja na waume zao na kulelea watoto baharini.

Meli hizi zilifika Afrika Mashariki?

Zilifika. Bahari ya Hindi ilikuwa na maeneo ya nyangumi wa ambari, pamoja na maji ya kuelekea Unguja na Shelisheli. Meli zilitia nanga Unguja na Nzuani kuchukua maji, kuni, matunda na mbuzi. Marekani ilikuwa na mkataba na Sayyid Said tangu 1833, na balozi wake mdogo wa kwanza Unguja, Richard Waters, alifika 1837 kutoka Salem, bandari nyingine ya Massachusetts. Wafanyabiashara wa Salem ndio walioleta merikani iliyovaliwa na bibi zetu, na kuondoka na pembe, karafuu na sandarusi.

Makumbusho ya New Bedford yana zaidi ya vitabu 2,000 vya kumbukumbu za safari, na vingi vimewekwa mtandaoni. Tafuta safari za Bahari ya Hindi. Kusoma nahodha wa Massachusetts akiandika juu ya upepo wa kusi katika maji yetu wenyewe kuna ladha yake.

Naweza kuingia nyumba zote?

La. Nyingi ni makazi ya watu, ikiwamo ile nzuri ya William J. Rotch ya mwaka 1845, yenye mapaa yaliyochongoka, iliyochorwa na Alexander Jackson Davis. Zitazame kutoka barabarani, usipande ngazi za mtu. Zilizo makumbusho hutoza kiingilio na ratiba zake hubadilika kwa majira, kwa hiyo angalia tovuti zao. Ngazi za kale ni nyembamba na zimesimama wima; kama mzee wenu ana matatizo ya magoti, uliza mapema ni sakafu zipi atafikia.

Watoto watachoka?

Kwenye nyumba, huenda. Kwenye makumbusho ya nyangumi, sidhani. Mna meli Lagoda, mfano uliojengwa nusu ya ukubwa wake halisi, wenye urefu wa mita 27, na watoto wanaruhusiwa kupanda sitahani. Juu ya ukumbi wa kuingilia yananing'inia mifupa ya nyangumi. Mmoja wao, nyangumi wa buluu aliyegongwa na meli ya mafuta mwaka 1998, mifupa yake imeendelea kudondosha mafuta miaka mingi baada ya kutundikwa, na kuna chombo cha kuyakinga. Mweke mtoto mbele ya chombo hicho, ataelewa jambo ambalo wewe ungelieleza kwa nusu saa.

Kuvuka kwenda Fairhaven kuna maana?

Kuna maana, ni ng'ambo ya daraja tu. Mwaka 1841 nahodha William Whitfield wa meli John Howland aliwaokoa wavuvi watano wa Kijapani waliokwama kisiwani. Mdogo wao, Manjiro, wa miaka 14, alimchukua hadi Fairhaven, akafika 1843, akasoma shule na elimu ya uongozaji meli. Alirudi Japani mwaka 1851, wakati nchi hiyo ilikuwa bado imejifungia, na ujuzi wake ukahitajika sana milango ilipofunguka. Nyumba ya Whitfield imetengenezwa kwa michango kutoka Japani na ni makumbusho. Ni ndogo, na panga miadi kabla.

Na Nantucket?

Nenda kama una siku nzima na fedha, maana kisiwa ni ghali. Kinafikika kwa feri. Ile ya haraka kutoka Hyannis huchukua takriban saa moja. Nantucket ndiyo iliyotangulia katika biashara hii, lakini mchanga uliziba mlango wa bandari, meli kubwa zikashindwa kupita zikiwa na mzigo, na moto wa Julai 1846 ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Hadwen House, 96 Main Street, ilijengwa mwaka huo huo na mfanyabiashara wa mafuta na mishumaa. Ng'ambo yake kuna nyumba tatu za matofali zinazofanana, ambazo Joseph Starbuck aliwajengea wanawe watatu kati ya 1836 na 1838. Hizo ni za watu binafsi.

Usikomee hapo. Nenda York Street ukaone African Meeting House na, pembeni yake, nyumba ya ukoo wa Seneca Boston, mfumaji aliyewahi kuwa mtumwa na baba wa yule nahodha Absalom.

Biashara hii iliishaje?

Polepole, kwa mapigo mengi. Mwaka 1859 mafuta ya petroli yalichimbwa Titusville, Pennsylvania, na mafuta ya taa yakawa rahisi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikala meli. Mwaka 1871 barafu ya Aktiki ilizifunga meli 33. Watu zaidi ya 1,200 waliokoka wote, meli zikaachwa. Matajiri walikwisha kuanza kuhamishia fedha kwenye viwanda vya pamba. Safari za mwisho zilifanyika miaka ya 1920.

Je, ni sawa kustarehe katika nyumba zilizojengwa kwa kuua nyangumi?

Ni sawa kwenda, mradi uende macho wazi. Aina moja ya nyangumi wa pwani hiyo, aliyewindwa tangu enzi za mwanzo kwa sababu ni mzito na huelea akifa, leo wamebaki chini ya 400 katika Atlantiki ya Kaskazini. Kwetu, nyangumi wenye nundu bado hupita Watamu na Unguja kati ya Julai na Septemba, na kuna wavuvi wanaojipatia riziki kwa kupeleka wageni kuwatazama. Mtu aliyeiona New Bedford huwatazama kwa namna nyingine.

Nafikaje bila gari?

Tangu 24 Machi 2025 kuna treni kutoka South Station, Boston, hadi New Bedford. Anayetoka Lowell atashukia North Station, kisha atapanda treni za chini ya ardhi hadi South Station. Kutoka stesheni ya New Bedford hadi mji mkongwe unaweza kutembea. Mei hadi Oktoba ndiyo majira mazuri. Wakati wa baridi upepo wa bandarini ni mkali na baadhi ya nyumba hufungwa.

Nina saa tatu tu. Nifanye nini?

Nusu saa kwenye kituo cha wageni na Seamen's Bethel. Saa nzima kwenye makumbusho, ukianzia kwenye Lagoda. Kisha panda hadi Seventh Street, simama mbele ya nyumba ya akina Johnson, na umalizie County Street kwa Rotch. Kama muda unakuishia, punguza wa Rotch.